Nimepata nafasi Poitiers, nyumbani wanataka Paris

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Buyenzi, hapa Bujumbura. Nina miaka 23. Nilizaliwa Tanzania, kambi ya Mtabila kule Kasulu, na tulirudi Burundi mwishoni mwa 2012 kambi ilipofungwa, nikiwa na miaka kumi. Nimemaliza shahada ya kwanza ya jiografia. Utafiti wangu wa mwisho ulihusu familia zilizorudi kutoka kambini na jinsi zilivyopata, au zilivyokosa, mashamba yao ya zamani.

Mwalimu mmoja aliisoma kazi ile akanishauri niombe Ufaransa, Chuo Kikuu cha Poitiers, kwa sababu wana shahada ya uzamili inayohusu uhamaji wa watu duniani. Nikajaza fomu za Campus France, shirika la Ufaransa linaloshughulikia wanafunzi wa kigeni, nikafanya mahojiano, na mwezi uliopita jibu limekuja: nimekubaliwa. Shangazi, nililia. Mama alitoka nje akawaambia majirani wote wa avenue yetu.

Furaha ile haikudumu. Baba mdogo yuko Brussels, na ndiye aliyenilipia ada tangu darasa la saba, baba alipofariki. Nilipompigia kumweleza alinyamaza, kisha akasema, "Poitiers? Hiyo ni shamba. Mtu anakwenda Ulaya kusoma, anakwenda kujificha kijijini? Ukirudi na karatasi ya huko nani atakuajiri?" Siku mbili baadaye akaniletea shule nyingine, ya binafsi, iko Paris. Wakala wao aliniandikia kwa WhatsApp, akataka vyeti vyangu, na kesho yake barua ya kukubaliwa ikafika bila mtu yeyote kuniuliza swali. Ada ni euro 9,800 kwa mwaka, miaka miwili. Wanataka euro 3,000 za kushikilia nafasi ndani ya siku kumi. Barua inasema nitapata "Mastère" ya mahusiano ya kimataifa.

Baba mdogo anasema atatoa nusu. Nusu nyingine mama yuko tayari kuuza kiwanja chetu cha Kinama, ambacho amekinunua kidogo kidogo kwa vitenge anavyouza soko la Ruvumera. Ijumaa tulikaa kikao cha familia. Wajomba wote walisema Paris. Mama hakusema neno, alikuwa anakunja kitenge kilekile na kukikunjua. Nilipomuuliza usiku akasema, "Mimi sijui hizo shule, mwanangu. Najua tu baba yako mdogo hajawahi kututupa."

Shangazi, Poitiers ni chuo cha namna gani? Ni kweli kwamba shahada ya mkoani haina uzito kama ya Paris? Na nikikataa ya baba mdogo, nitamkatalia vipi mtu aliyenifikisha hapa?

Jambo la mwisho. Cheti cha kuzaliwa cha Tanzania sina. Nina kadi ya kambini na hukumu ya mahakama ya hapa Burundi iliyotolewa badala ya cheti. Naogopa watanirudisha kwa hilo.

Binti wa Buyenzi

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na la haraka kwa sababu siku kumi ni chache: mama asiuze kiwanja, na baba mdogo asitume hizo euro 3,000. Hilo waambie leo. Mengine tutakwenda nayo taratibu.

Poitiers naijua kwa miguu yangu. Nilisoma pale miaka miwili, zamani kidogo. Ukishuka kwenye treni unajikuta bondeni, na mji uko juu ya jabali, umezungukwa na mito miwili, Clain na Boivre. Siku niliyofika nilipanda zile ngazi za kutoka stesheni na sanduku lenye unga, dagaa na makoti mawili ya kuazima. Nilisimama mara tatu kuvuta pumzi. Mara ya tatu mzee mmoja aliyekuwa anashuka aligeuka, akashika upande wa pili wa sanduku, tukapanda naye mpaka juu, akaniaga akashuka tena kwenda zake. Hakuniuliza natoka wapi. Huo ndio mji ambao baba mdogo anauita shamba. Una watu wapatao 90,000, na chuo chake kina wanafunzi wanaokaribia 30,000, ingawa wengine wako kwenye matawi ya Angoulême, Niort, Châtellerault na eneo la Futuroscope. Hesabu mwenyewe. Ukitembea mjini mwezi wa kumi, kila mtu wa pili unayepishana naye amebeba begi la vitabu, na kati yao wamo vijana wa mataifa zaidi ya 100.

Tena nataka ujue chuo chenyewe kilizaliwaje, kwa sababu kinakuhusu kuliko unavyofikiri. Wakati wa ile vita ndefu ya Wafaransa na Waingereza, Paris ilikuwa imeshikwa na maadui wa Mfalme Charles VII. Mahakama yake kuu ikahamia Poitiers, na wanasheria na wasomi waliobaki upande wake wakaikimbia Paris, wakaja kujihifadhi juu ya jabali lile. Ukishakuwa na wasomi wakimbizi wengi mahali pamoja, na vijana wanaotaka kusoma, unahitaji chuo. Mwaka 1431 Papa Eugenius IV akatoa hati ya kukianzisha, na mwaka uliofuata mfalme akaithibitisha. Kwa hiyo chuo unachokwenda kilianzishwa kwa ajili ya watu waliofukuzwa makwao na vita. Wewe mtoto wa Mtabila hutakuwa mgeni pale.

Descartes, yule mwanafalsafa ambaye naamini mlimsoma shuleni, alichukua shahada yake ya sheria hapo mwaka 1616. Mapinduzi ya Ufaransa yalivifunga vyuo vikuu vyote vya zamani mwaka 1793, na Poitiers kikarudi kuitwa chuo kikuu rasmi mwaka 1896. Leo ni chuo cha umma chenye sheria, tiba, sayansi, uhandisi, uchumi, fasihi na michezo. Wahandisi wao wanatafiti injini na mwendo wa hewa pamoja na shule ya anga iliyoko Futuroscope. Kituo chao cha kutafiti Zama za Kati, kilichoanzishwa 1953, kinajulikana Ulaya nzima. Wako pia kwenye muungano wa vyuo vya miji ya wasomi, pamoja na Coimbra, Salamanca, Pavia, Jena, Turku na Iaşi. Hayo yakutoshe. Hukuomba tiba wala injini.

Tuje kwenye swali lako kubwa, kwa sababu ndilo linalowachanganya wazazi wengi wanaoniandikia.

Ufaransa haifanani na nchi ambako jina la chuo ndilo linalobeba cheti. Kule shahada za vyuo vya umma zinaitwa diploma za taifa. Anayezitoa ni dola, kupitia chuo. Master ya Poitiers, ya Paris, ya Strasbourg, ya Pau, mbele ya sheria ni kitu kimoja na uzito mmoja. Mwajiri anaweza kuwa na upendeleo wake, sikatai, kila mahali wapo watu wa namna hiyo. Lakini yeye anatazama kwanza kama somo lenyewe linafundishwa vizuri pale ulipotoka, na masomo mengi Ufaransa nguvu yake haiko Paris. Mwambie baba mdogo kwamba Jean-Pierre Sauvage, aliyepata Nobeli ya kemia mwaka 2016, ni mtu wa Chuo Kikuu cha Strasbourg, na kabla yake Jean-Marie Lehn wa hapohapo aliipata mwaka 1987. Ukitaka kujifunza tiba ya zamani kabisa unakwenda Montpellier. Na anayetaka kusoma uhamaji wa watu huelekezwa Poitiers.

Nasema hivyo kwa sababu hii. Mwaka 1985 mwanajiografia mmoja, Gildas Simon, alianzisha pale maabara inayoitwa Migrinter. Usifikirie chupa na dawa. Ni nyumba ya watafiti: wanajiografia, wanasosholojia, wanahistoria, watu wa anthropolojia, wote wakitafiti jambo moja tu, kuhama kwa binadamu. Mwaka huohuo wakaanzisha jarida la uhamaji wa kimataifa ambalo linatoka mpaka leo. Siku hizi maabara ni ya pamoja kati ya chuo na CNRS, shirika la taifa la utafiti. Iko kwenye jengo la sayansi za jamii, kampasi ya mashariki, nje kidogo ya mji wa kale. Shahada uliyopata nafasi imesimama juu ya maabara hiyo. Maana yake, anayekufundisha asubuhi kuhusu kambi za wakimbizi, mchana anaandika kitabu kuhusu kambi hizohizo, na mlango wake uko kwenye korido unayopita. Darasa la uzamili si lile la mwaka wa kwanza lenye mamia ya vijana ukumbini. Mnakuwa wachache, mwalimu anakujua kwa jina, na tasnifu yako inasomwa mstari kwa mstari.

Sasa fikiria umekaa mezani na watu hao, nawe umeishi kambini miaka kumi, unazungumza Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na tayari umehoji familia zilizorudi zikakuta mtu mwingine analima shamba lao. Watu kama wewe ni wachache kwenye vyumba vile, na wanahitajika. Mwalimu aliyekuelekeza huko alijua anachofanya. Mpeleke mama yako akamshukuru.

Ile barua ya Paris nayo naijua, mwanangu, ingawa hukunitajia jina la shule na mimi sitaki kulijua. Nataka utazame neno moja. Poitiers wamekuandikia *Master*. Paris wamekuandikia *Mastère*. Mtu akisoma kwa haraka anaona kitu kilekile, na ndivyo ilivyokusudiwa. *Master* ni jina linalolindwa na dola. *Mastère* halilindwi, shule yoyote ya binafsi inaweza kulitumia. Kuna shule za binafsi nzuri Ufaransa, na zipo ambazo diploma zao dola imezikagua ikazipa daraja la master. Lakini zipo nyingi ambazo zinachokupa ni cheti cha kazi kilichoandikishwa kwenye orodha ya taifa, wanakiita cha ngazi ya 7. Ngazi ni ileile, haki si ileile. Cheti hicho peke yake hakikufungulii mlango wa shahada ya uzamivu, na hata kile kibali cha kubaki mwaka mmoja kutafuta kazi baada ya masomo, ambacho mwenye master anaweza kukiomba, kinaweza kukwama.

Niliyaona haya kwa macho yangu. Mwaka wangu wa pili pale, nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya usajili nyuma ya binti wa Lubumbashi. Ametoka Paris asubuhi ile kwa treni, amevaa vizuri, ana bahasha ya plastiki na ndani yake cheti kizito chenye mhuri wa dhahabu. Alitaka kujiandikisha uzamivu. Yule mama wa kaunta alikisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena, kisha akamuuliza kwa upole kama hana kingine. Hakuwa nacho. Familia yake ilikuwa imelipa miaka miwili. Alikaa kwenye benchi la korido mpaka saa ya chakula, na mhuri wake wa dhahabu mapajani. Nilimpeleka kula, sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo fanya hivi. Waandikie shule ya Paris barua pepe, Kifaransa kifupi, uwaulize: diploma hii inatoa daraja la master linalotambuliwa na dola, ndiyo au hapana, na waraka wa wizara uko wapi? Usiulize kama "inatambuliwa", watakujibu ndiyo, maana kila kitu kinatambuliwa na mtu fulani. Uliza *grade de master*, maneno hayohayo. Kama ni shule ya kweli watakutumia waraka siku hiyohiyo. Kama wataanza kukueleza kuhusu jengo lao, ukaribu na mnara wa Eiffel na makampuni washirika, umeshajibiwa.

Halafu jiulize hili pia: Poitiers walisoma kazi yako, ukahojiwa, ukasubiri. Hawa wamekukubali kwa usiku mmoja kwa WhatsApp. Chuo kinachojali nani anaingia hakina haraka hiyo.

Hela sasa, maana najua mama anangoja hapa. Tangu 2019 wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya wamewekewa ada yao ya juu kwenye vyuo vya umma, takriban euro 3,900 kwa mwaka kwa master, wakati Mfaransa analipa 250 na kidogo. Chuo kina uwezo wa kuwapunguzia baadhi ya wageni walipe kama Wafaransa, lakini si wote, na masharti hubadilika mwaka hadi mwaka. Andika leo kwa ofisi ya mahusiano ya kimataifa ya chuo uulize wewe umepangwa wapi, na majibu wakupe kwa maandishi. Hata ukitozwa yote, miaka miwili haifiki euro 8,000. Ile ya Paris ni 19,600, kabla hujalala mahali wala kula. Ongeza mchango wa maisha ya mwanafunzi, euro 100 na kitu kwa mwaka, ambao unaulipa kabla ya kujisajili.

Na kulala ndiko kunakowamaliza watoto wetu Paris. Chumba cha mtu mmoja Poitiers unakipata kwa euro 350 hadi 450 kwa mwezi, na chumba kidogo cha bweni la CROUS, shirika la umma la huduma za wanafunzi, mita 9 za mraba, huwa chini ya 300. Paris zidisha mara mbili, na hapo bado utaombwa mdhamini mwenye mshahara wa Ufaransa. Omba bweni mapema. Usiombe mwezi wa nane, vyumba vinakuwa vimekwisha. Chakula cha mchana cha CROUS kwa miaka kadhaa kilikuwa euro 3.30, sahani kamili, na tangu 2020 ulianza mlo wa euro 1 kwa wenye bursa na wenye hali ngumu. Usione haya kuuomba. Mabasi ya Vitalis yanakufikisha kampasi kutoka mjini, na wengi wanatembea.

Kwa viza watataka kuona una angalau euro 615 kwa kila mwezi. Sheria inakuruhusu kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, lakini nakuomba muhula wa kwanza usifanye, usome tu. Ule msaada wa serikali wa kodi ya nyumba utausikia sana kwa wenzako. Sheria zake kwa wageni ni za kubadilika, usiuweke kwenye hesabu ya mama.

Sitaki kukupamba, kuna mambo utayaona magumu. Jumapili mji unalala, maduka yamefungwa, na usipojiwekea chakula Jumamosi utashinda na mkate. Mwezi wa kumi na mbili saa kumi na mbili jioni ni giza totoro, na mvua yao si kama yetu inayonyesha ikaisha, ni ya kunyunyiza siku tatu. Mwezi wangu wa kwanza kule nililala na simu mkononi. Wafaransa hawaingii nyumbani kwa mtu bila miadi, nawe umezoea Buyenzi ambako mlango ni pazia. Itakuuma. Tafuta mapema watu wa kwaya, wa mpira, wa msikiti, wa maktaba, popote penye ratiba, kwa sababu kule urafiki unashikwa na ratiba.

Hukusema, lakini kwa kuwa unatoka Buyenzi, mtaa wenye Waislamu wengi, nakuambia: kama unavaa mtandio, chuo kikuu hakikukatazi. Ile sheria ya 2004 ni ya shule za serikali za msingi na sekondari, haiwahusu wanafunzi wa vyuo vikuu. Utakutana na watu wanaolitumia jina la Poitiers vibaya kwa sababu ya vita vya mwaka 732 kati ya Wafranki na jeshi la Waislamu lililotoka Hispania. Oktoba 2012 vijana wa siasa kali walipanda juu ya msikiti uliokuwa ukijengwa pale, wakaning'iniza bango lenye namba 732. Msikiti upo, watu wanasali, na mimi kwa miaka yangu miwili niliheshimiwa. Nimekutajia usije ukaliona ukutani ukadhani umeandikiwa wewe.

Sasa baba mdogo.

Mwanangu, huyu mtu si adui yako. Amekaa Brussels miaka mingi, amewaona wengi waliofika Ulaya wakazama, na kichwani mwake Paris ni mahali ambapo mtu haonekani ameshindwa. Amelipa ada ya mtoto wa ndugu yake aliyekufa tangu darasa la saba. Anataka akitajwa kwenye misiba na harusi za Warundi kule, aseme "mtoto wetu yuko Paris," na kila mtu aelewe bila kuelezwa. Usilidharau hilo. Na usimjibu kwenye kikao cha familia, mbele ya wajomba, maana hapo hata akijua una haki hawezi kurudi nyuma.

Mpigie peke yake, usiku akishatoka kazini. Anza na shukrani, kwa vitu halisi: ada ya muhula fulani, viatu vya shule, ile siku alipotuma hela ya hospitali. Kisha usimwambie "nimekataa." Mwombe kazi. Mwambie: "Baba mdogo, mimi niko mbali na Kifaransa cha maofisi nakiogopa. Naomba wewe uwapigie hao wa Paris uwaulize kama wanatoa *grade de master*, kisha uwapigie Poitiers uulize hilohilo." Mwache asikie kwa masikio yake. Mtu mzima akigundua mwenyewe hajashindwa na mtoto, na atakapowaambia wajomba, itakuwa ni yeye aliyewaokoa na hasara.

Halafu mpe nafasi yake kwenye safari hii, maana asipokuwa nayo ataona umemwacha. Poitiers utahitaji mtu wa kuthibitisha zile euro 615, na ile nusu aliyotaka kuwapa wa Paris inatosha kwa mwaka wa kwanza na kubaki. Utahitaji mtu wa kukupokea. Kutoka Brussels anafika Paris kwa treni kwa saa moja na dakika ishirini hivi, anahamia stesheni ya Montparnasse, na kutoka hapo Poitiers ni kama saa moja na robo hadi saa moja na nusu kwa TGV, treni yao ya kasi. Anaondoka asubuhi, mchana mnakula pamoja. Mwambie aje siku ya kwanza. Mpeleke uwanja ule mbele ya kanisa la Notre-Dame-la-Grande, ambako mawe ya ukuta yamechongwa watu na wanyama tangu karne ya 12, apige picha apeleke kwa wenzake wa Brussels. Kisha mpeleke kwenye jengo la Migrinter aone kwenye rafu vitabu vilivyoandikwa kuhusu watu kama yeye, waliohama wakawa wanatuma hela nyumbani. Mimi nilipoviona mara ya kwanza nilikaa chini.

Akiuliza utafanya kazi gani, mweleze: mashirika ya wakimbizi, wizara, halmashauri za miji, utafiti. Na kama moyo utataka kuendelea na uzamivu, ile ada ya juu ya wageni haiwahusu wanafunzi wa uzamivu, na ukipata mkataba wa uzamivu unalipwa mshahara miaka mitatu, zaidi ya euro 2,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Jambo moja la mfumo: kwenye ukurasa wako wa Campus France utatakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, na ukishabonyeza haibadiliki. Zungumza na baba mdogo kabla ya kubonyeza, lakini usiipitishe tarehe.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, tulia. Hukumu ya mahakama inayosimama badala ya cheti ni hati wanayoijua vizuri kule, wewe si wa kwanza. Ila sasa hivi, ukiwa bado Bujumbura, fanya haya: rudi mahakamani uchukue nakala mbili au tatu zenye mhuri, kwa sababu ukifika utaombwa moja kwa ajili ya bima ya afya na nyingine kwa kibali cha ukaazi, na kuifuata ukiwa Ufaransa ni mateso. Hakikisha jina lako, tarehe na mahali pa kuzaliwa vimeandikwa sawasawa herufi kwa herufi kwenye hukumu, pasipoti na vyeti vya shule. Kama pasipoti inasema Kasulu na hukumu inasema Mtabila, karekebishe wiki hii. Kadi ya kambini usiitupe wala usiiache kwenye sanduku la kupakiwa kwenye ndege. Ikunje ndani ya pasipoti, usafiri nayo mkononi.

Niandikie ukishaongea naye.

Shangazi yako